Mwanga Usio Sitiari: Uhakiki wa Lugha ya Somo la Nuru kwa Watoto wa Kibera na Kawangware

UTANGULIZI

Hakuna sitiari iliyotumikishwa katika maandishi ya Kiswahili kuipita ile ya mwanga. Elimu ni mwanga, ujinga ni giza. Imani ni nuru, upotofu ni kiza. Uhuru ulipopatikana tuliambiwa kuwa kumepambazuka. Sitiari hiyo imepakwa rangi kwenye kuta za shule na kufumwa kwenye nembo za sare. Wahakiki wetu nao wameifuatilia katika tenzi, riwaya na tamthilia hadi ikawa vigumu kuandika jambo jipya juu yake. Lakini mwanga wenyewe, ule unaopenya kwenye tundu la msumari katika bati na kuangukia daftari la mwanafunzi, haujapata mhakiki. Tumewaachia walimu wa sayansi, nao wameachiwa vitabu ambavyo lugha yake haikuhakikiwa na mtu yeyote.

Makala haya yanakusudia kuitazama lugha ya somo hilo kwa jicho lile lile tunalolitumia tunapotazama shairi. Tumechagua mitaa miwili ya Nairobi, Kibera na Kawangware, kwa sababu huko swali la lugha ya kufundishia haliwezi kukwepwa kwa kusema kwamba kila mtoto ana lugha ya kijijini kwao. Dai letu ni moja. Jaribio la kisayansi halikamiliki pale mtoto anapoona. Hukamilika pale anapokieleza alichokiona kwa sentensi ambayo mwenziwe anaweza kuikubali au kuipinga. Kama ndivyo, basi mtoto anayenyimwa sentensi amenyimwa pia jaribio, hata kama vifaa vyote vimo mikononi mwake. Sentensi hiyo, kwa watoto tunaowazungumzia, imo katika Kiswahili.

MAHALI NA LUGHA

Kibera ni mtaa uliozaliwa na lugha nyingi. Wanubi, waliokuwa askari wa jeshi la Waingereza wenye asili ya Sudani, walikaa hapo tangu mwanzoni mwa karne ya 20, wakauita Kibra, yaani msitu, kwa lugha yao ya Kinubi iliyotokana na Kiarabu. Baadaye wakaja Waluo, Waluhya, Wakamba, Wakikuyu, Wakisii na wengineo, na reli iendayo Uganda ikaendelea kuukata mtaa huo hadi leo. Kawangware, upande wa Dagoretti, nayo ilijaa watu wa kila kabila, ikipakana na majumba ya Lavington ambako wakazi wake wengi huenda kutafuta vibarua. Watu wa namna hiyo hawakuweza kununuliana sukuma wiki, kudaiana kodi wala kuzikana bila lugha ya pamoja. Lugha hiyo ni Kiswahili cha Nairobi, na kwa vijana ni Sheng iliyojengwa juu ya sarufi ya Kiswahili, kama walivyoonyesha Mohamed Abdulaziz na Ken Osinde katika uchunguzi wao uliochapishwa mwaka 1997.

Sera za nchi zimeliyumbisha jambo hili. Tume ya Ominde ya mwaka 1964 iliunga mkono Kiingereza kama lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Kamati ya Gachathi ya mwaka 1976 ilirudi nyuma kidogo, ikapendekeza miaka ya mwanzo ifundishwe kwa lugha ya eneo la shule, ambayo mijini huwa ni Kiswahili. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa. Hata hivyo, tangu mtihani wa KCPE wa kwanza mwaka huo hadi ule wa mwisho mwaka 2023, maswali ya sayansi yaliulizwa kwa Kiingereza. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, ilikitawaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Mtaala wa umilisi nao, ulioenea nchini kote mwaka 2019, unaruhusu lugha ya eneo hadi darasa la tatu tu. Kuanzia darasa la nne, pale sayansi inapoanza kupewa jina lake, mtoto huvushwa na kuingizwa katika Kiingereza.

Hapana budi msomaji auone mgongano uliomo humo. Mtaala wenyewe unamtaka mtoto atende, ashike, apime, agundue. Kisha, katika mwaka ule ule anaoambiwa atende, ananyang'anywa lugha ya kutolea ripoti ya tendo lake.

MIKONO ILIYOAMINIWA

Wazo la kuwafundisha watoto wa Kiafrika sayansi kwa mikono yao si geni. Katikati ya miaka ya 1960 ulianzishwa mradi wa sayansi kwa shule za msingi barani Afrika, ukigharimiwa na Marekani, na nchi kadhaa zikashiriki, Kenya ikiwamo. Mradi huo ulikataa vifaa vya maabara vilivyoagizwa kutoka ng'ambo, ukatumia mchanga, nyasi, wadudu, vikopo na matone ya maji. Tone la maji juu ya tundu dogo hukuza herufi za gazeti. Mtoto aliyekwisha kulitengeneza hahitaji kusadikishwa kwamba maji yanaweza kuupinda mwanga.

Mwanasaikolojia Eleanor Duckworth alipotakiwa kuutathmini mradi huo hapa Kenya hakuwapa watoto mtihani wa karatasi. Aliwaweka mbele ya vifaa mbalimbali, akawatazama wanavyofanya navyo kazi: wangapi walibuni jambo lao wenyewe, na kila jambo lilikuwa na ugumu kiasi gani. Ripoti yake ya mwaka 1978 ilionyesha kwamba watoto waliopitia mradi walitenda mambo mengi zaidi na yenye utata zaidi kuliko wenzao. Njia yake ilikuwa ya busara, kwani iliondoa kikwazo cha lugha. Lakini msomaji mwangalifu atauliza: kwa nini kikwazo hicho kililazimika kuondolewa? Tathmini iliyopima mikono tu ilionyesha kuwa mikono ina akili. Haikubadilisha mtihani wa taifa, uliopima kalamu, tena kalamu iandikayo Kiingereza. Mradi ukaisha, vijitabu vikakauka kabatini, na mtihani ukabaki.

Funzo kwetu sisi watu wa lugha ni hili: vifaa vya bei nafuu huweza kutolewa na wafadhili, ila sentensi haziwezi. Hizo ni kazi yetu.

MANENO YANAYOSAIDIA NA MANENO YANAYOTEGA

Wako wanaosema kwamba Kiswahili hakina istilahi za sayansi. Jibu lao lilikwisha tolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Dar es Salaam, ilipochapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Tanzania imefundisha sayansi ya shule za msingi kwa Kiswahili tangu miaka ya mwisho ya 1960. Kwa hiyo hatutapoteza wino kuthibitisha kwamba maneno yapo. Swali la mhakiki ni gumu zaidi: maneno hayo yanamfanyia nini mtoto aliyeshika kipande cha kioo juani?

Tuanze na neno kioo lenyewe. Kwa Kiswahili kioo ni kile kilicho dirishani, na kioo ni kile cha kujitazamia. Mwalimu akiandika ubaoni kwamba kioo hupitisha mwanga, na wiki ijayo akaandika kwamba kioo hurudisha mwanga, mtoto mwenye akili atadhani mmoja kati ya hao walimu wawili amekosea. Mhariri mvivu atapendekeza tubuni neno jipya. Sisi tunapendekeza mtoto apelekwe kwenye mtego wenyewe. Mchana, abiria wa matatu huona barabara kupitia kioo cha dirisha. Usiku, taa za ndani zikiwaka na nje kukiwa giza, huona uso wake mwenyewe katika kioo hicho hicho. Kioo cha dirisha, kwa hakika, hupitisha mwanga mwingi na kurudisha kidogo, na kile kidogo huonekana pale tu mwanga wa nje unapokosekana. Utata wa neno umetuongoza kwenye ukweli wa kitu. Baada ya hapo mwalimu anaweza kutofautisha kioo cha dirisha na kioo cha kujitazamia, na tofauti hiyo itakuwa na sababu.

Neno la pili ni -eupe. Mswahili husema maji meupe akikusudia maji safi yasiyo na tope, na husema kweupe akikusudia kwamba kumekucha. Weupe wetu umekaa karibu na uangavu kuliko rangi ya chokaa. Mtoto akiambiwa aeleze rangi ya maji, akajibu kwamba ni meupe, hajakosea Kiswahili. Lakini fizikia inataka atenganishe maziwa, ambayo ni meupe, na maji, ambayo ni angavu. Jaribio lake halina gharama: gilasi mbili, moja ya maji na moja ya maji yaliyotiwa matone ya maziwa, ziwekwe juu ya ukurasa wa gazeti. Herufi zitasomeka katika moja, na katika nyingine zitafifia. Hapo neno angavu litapata mwili. Neno lililotangulia kitu hukaririwa. Neno lililofuata kitu huitwa likahitajiwa.

Kuna maneno ambayo yametutangulia kwa hekima. Kiswahili kinatofautisha kuwaka na kung'aa. Taa huwaka na moto huwaka. Sufuria iliyosuguliwa kwa majivu hung'aa. Mtu akisema inawaka, watu watakimbilia maji. Kila kinachowaka huweza kung'aa, lakini si kila kinachong'aa kinawaka. Tofauti hiyo ndiyo ile wanayoihitaji wanafizikia kati ya kitu kinachotoa mwanga wake na kitu kinachorudisha mwanga wa kingine. Wanafunzi wa darasa la tano wakiulizwa, "Je, mwezi unawaka au unang'aa?" watabishana. Mabishano hayo ni sayansi, nayo yameanzishwa na vitenzi viwili ambavyo mama zao huvitumia jikoni.

Maneno mengine hubeba nadharia za kale bila sisi kujua. Tunasema mtu ametupa jicho, au amemtupia mwenziwe macho, kana kwamba kuna kitu kinachotoka ndani ya jicho na kwenda kuligusa lile linalotazamwa. Wataalamu wengi wa Ugiriki ya kale waliamini hivyo kwa dhati. Aliyeipinga imani hiyo kwa nguvu zaidi alikuwa Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra wa takriban mwaka 965, aliyefariki Kairo mnamo mwaka 1040. Katika kitabu chake juu ya elimu ya kuona alieleza kwamba mwanga hutoka kwenye vitu na kuingia machoni. Moja ya hoja zake ilikuwa kwamba jicho huumia likitazama mwanga mkali, jambo ambalo lisingekuwapo kama jicho ndilo lililotoa. Alitumia pia chumba cha giza chenye tundu, akapanga taa kadhaa nje yake, akaona madoa ya mwanga yakijipanga ndani kinyume cha taa zilivyopangwa.

Tunasema pia kwamba giza limeingia, kama mgeni aliyebisha hodi. Katoni ya kiatu iliyofungwa vizuri na kutobolewa tundu moja la kuchungulia inatosha kuuliza maswali yote mawili. Jicho likiwa tunduni, mtoto haoni kitu kilichowekwa ndani. Tundu la pili likitobolewa ubavuni, anakiona. Kama jicho hutupa kitu, kwa nini halikukiona mwanzo? Na giza lililokuwamo limetokea wapi? Hatuna haja ya kuzipiga marufuku semi zetu. Mshairi atazihitaji kesho. Kinachotakiwa ni mtoto azijue kuwa ni semi.

Mwisho tutazame rangi. Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vya asili: -eupe, -eusi na -ekundu. Nyinginezo ni majina ya vitu: manjano ya kiungo, machungwa ya sokoni, kijani cha jani, zambarau ya tunda, samawati ya mbingu. Wako waliouona huo kuwa umaskini. Lakini weka kipande cha kioo cha kujitazamia kwa mshazari ndani ya karai la maji juani, uelekeze mwanga unaorudi kwenye karatasi nyeupe, upinde wa mvua utatokea. Sasa waambie watoto wauhesabu. Mmoja atasema rangi tano, mwingine sita. Kitabu kitasema saba. Ukweli ni kwamba hakuna mpaka kati ya rangi moja na nyingine. Newton, aliyeutenganisha mwanga wa jua kwa mche wa kioo katika miaka ya 1660 na kuchapisha kitabu chake juu ya nuru mwaka 1704, alichagua saba kwa kuzifananisha na noti saba za muziki. Mtoto wa Kawangware aliyeona tano hajashindwa. Ana haki ya kujua kwamba ile saba nayo ni uamuzi wa mtu, na majina yake ya sokoni yanaweza kupanga foleni ile ile.

SARUFI YA JARIBIO

Msamiati ni nusu ya jambo. Kosa kubwa la maandishi yetu ya sayansi limo katika sarufi. Waandishi wengi, kwa kutaka kuonekana wataalamu, hurundika nomino zilizotokana na vitenzi: urudishwaji, upindishwaji, uakisishwaji. Sentensi kama "Uakisishwaji wa mwanga ni tukio la urudishwaji wa miale kutoka kwenye uso wa kioo" ina maneno ya Kiswahili na mifupa ya kigeni. Hakuna anayetenda ndani yake, wala hakuna kinachoweza kupingwa. Linganisha na hii: "Mwanga ukigonga kioo, hurudi." Maneno manne. Mtoto anaweza kuishika sentensi hiyo, akatoka nayo nje, akaijaribu.

Ubora wake si ufupi pekee. Kiambishi -ki- kimeweka sharti, na hu- imeweka kanuni isiyofungwa na wakati. Hu- hiyo ndiyo iliyobeba methali zetu, kwa kuwa methali nazo ni kanuni zilizotokana na kuchunguza mambo mara nyingi: haba na haba hujaza kibaba. Tukiendelea kuchunguza tutaona kwamba nyakati za Kiswahili zimepangika kama hatua za jaribio lenyewe. Kwa -li- mtoto hueleza alichotenda: nilitoboa tundu. Kwa -me- hueleza hali iliyopatikana: doa la mwanga limetokea ukutani. Kwa hu- hutoa kanuni: mwanga hupita kwa mstari ulionyooka. Kwa -nge- huijaribu kanuni yake kwa kudhani kinyume: kama mwanga ungepinda kona, tungeiona taa iliyo nyuma ya ukuta. Mwanafunzi aliyezimudu sentensi hizo nne ameandika ripoti ya kisayansi. Mwalimu wa Kiswahili anayezifundisha siku ya Jumanne kwa mifano ya Juma na mbuzi wake angeweza kuzifundisha kwa mifano ya tundu na taa.

Hapo msomaji ataleta pingamizi ya Sheng. Watoto wa Kibera, atasema, hawatumii hu-. Wao husema "mwanga inapitanga hapa". Ni kweli, na upatanisho wa kisarufi nao umevunjika. Lakini tazama kile kiambishi tamati -nga. Kinafanya kazi ile ile ya mazoea. Mtoto aliyesema "inapitanga" hakueleza tukio moja la leo asubuhi, ametoa kanuni. Mwalimu anayemkemea kabla ya kumsikia ameisahihisha sarufi na kuiua hoja. Ampokee kwanza, amwombe ushahidi, kisha ampe "mwanga hupita" kama vazi rasmi la wazo ambalo mtoto amekwisha kulimiliki. Hata upatanisho atauona una faida siku atakapojua kwamba mwanga huu humulika, na mwanga huyu, mmoja wa wanga, hutembea usiku akiroga.

TUNDU LA BATI NA KIVULI CHA KIJITI

Turudi kwenye tundu la msumari tulilolitaja mwanzo, kwani shule nyingi za mitaa hiyo, zilizoanzishwa na makanisa, jumuiya na watu binafsi, zimejengwa kwa mabati. Kwa desturi tundu ni alama ya ufukara. Mvua ikinyesha madaftari hulowa. Lakini jua likiwaka, tundu hilo hutupa sakafuni doa la duara. Tundu linaweza kuwa la pembe tatu au limechanika ovyo; likiwa dogo, doa hubaki duara. Sababu ni kwamba doa hilo si umbo la tundu. Ni taswira ya jua. Upana wake hupatikana kwa kugawanya umbali kutoka tunduni kwa 108 hivi, kwa kuwa jua liko mbali nasi mara 108 hivi ya kipenyo chake. Paa likiwa na kimo cha mita 2 na nusu na jua likiwa karibu na utosi, doa litakuwa na upana wa zaidi kidogo ya sentimita 2. Kwa rula ya shule mtoto anaweza kulipima jua bila kulitazama, na bila kulitazama ni sharti: jua huunguza jicho, na mwalimu hana budi kuisema amri hiyo kwa lugha ambayo haina mtoto wa kuikosa. Tarehe 3 Novemba 2013, jua lilipopatwa, kivuli kamili cha mwezi kilipita Turkana, na Nairobi ikaona sehemu tu. Mahali popote palipokuwa na anga wazi wakati huo, kila tundu la bati liligeuza doa lake kuwa hilali.

Mfano wa pili ni kijiti kilichosimamishwa uani. Kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya watoto wa Uingereza kitasema kwamba kivuli cha adhuhuri huelekea kaskazini daima. Huko ni kweli. Aliyewahi kusoma Leeds majira ya baridi anajua kwamba mwezi wa Desemba kivuli cha mtu saa sita mchana hupita mara nne ya kimo chake. Nairobi, iliyo kusini kidogo ya ikweta, kivuli cha adhuhuri hakifiki nusu ya kijiti mwaka mzima. Kuanzia katikati ya Machi hadi karibu na mwisho wa Septemba huelekea kusini. Miezi iliyobaki huelekea kaskazini. Tena hakiwi kifupi kabisa saa sita kamili, bali karibu na saa sita na nusu, kwa sababu saa zetu zimefuata mstari wa longitudo 45 mashariki, na Nairobi iko magharibi yake. Watoto wakiweka alama za kivuli kwa chaki kila robo saa watayagundua hayo wenyewe. Na kwa kuwa Kiswahili huhesabu saa tangu macheo, saa moja ya asubuhi ikiwa ndiyo saa ya kwanza ya mchana, hesabu ya lugha yao iko karibu na kijiti kuliko ile ya Kiingereza.

Hapa ndipo penye uzito wa jambo. Mtoto wa darasa la sita, katika shule isiyo na maabara, ameshika ushahidi unaokipinga kitabu kilichochapishwa. Je, ana lugha ya kukipinga? Akiwa na sentensi moja tu ya Kiingereza aliyoikariri, atakiamini kitabu na kukidharau kijiti. Akiwa na Kiswahili chake, atasema: "Mwalimu, kitabu kinasema kaskazini, na kivuli chetu kimeelekea kusini." Sentensi hiyo ni mwanzo wa sayansi, na pia ni mwanzo wa uraia.

PINGAMIZI LA WAZAZI

Pingamizi zito kuliko yote halitoki kwa wataalamu. Linatoka kwa wazazi. Mama anayefua nguo Lavington ili alipe karo Kawangware anataka mwanawe ajue Kiingereza, kwa kuwa ameona ni nani anayeajiriwa. Tusimcheke, wala tusimwambie ana kasumba; ameisoma jamii yake sawasawa. Hatumwombi aache Kiingereza. Tunasema kwamba jambo lililoeleweka huhamishika, na lisiloeleweka halihamishiki. Huko Ile-Ife, Nigeria, kuanzia mwaka 1970 Profesa Babs Fafunwa na wenzake waliwafundisha watoto masomo yote kwa Kiyoruba kwa miaka sita, Kiingereza kikifundishwa kama somo na walimu walioandaliwa. Watoto hao hawakuachwa nyuma na wenzao, hata katika Kiingereza chenyewe.

Wala tusijidanganye kwamba Kiswahili peke yake kitaokoa. Mwalimu anaweza kuandika fasili ubaoni kwa Kiswahili safi na wanafunzi wakainakili bila kuona tundu wala kijiti. Hiyo ni kasumba iliyobadili vazi. Lugha bila mkono ni kasuku, na mkono bila lugha ni bubu. Somo la mwanga linavitaka vyote viwili katika kipindi kimoja.

HITIMISHO

Tumejaribu kuonyesha kwamba somo la mwanga ni matini inayostahili uhakiki: ina msamiati wenye mitego na hazina, ina sarufi inayoweza kuibeba au kuiua hoja, na ina wasomaji ambao hatima yao inategemea namna ilivyoandikwa. Yafuatayo yanafaa kutendwa na idara za Kiswahili, bila kungoja sera. Kwanza, wanafunzi wetu wa shahada, ambao wengi watakuwa walimu, watahiniwe katika kuandika nathari ya kueleza, si uchambuzi wa riwaya peke yake: mtu aeleze katoni yenye matundu mawili kwa ukurasa mmoja, na ukurasa huo usahihishwe kwa ukali ule ule wa insha ya fasihi. Pili, istilahi zinazopendekezwa zipelekwe madarasani kabla ya kuchapishwa. Maneno lenzi mbinuko na lenzi mbonyeo yatafahamika kwa mtoto yeyote aliyewahi kuona sufuria iliyobonyea. Maneno ambayo hayapiti mtihani huo yarudishwe mezani. Tatu, walimu wa Kiswahili na wa sayansi katika shule moja wapange pamoja ili sentensi ya -nge- ifundishwe wiki ile ile ambayo taa inawekwa nyuma ya ukuta.

Sitiari ya mwanga itaendelea kuwapo katika fasihi yetu, na haina ubaya. Lakini siku mshairi atakapotoka Kibera aliyewahi kulipima jua kwa rula kupitia tundu la bati, huenda atatuandikia mwanga ambao hatujawahi kuusoma. Wakati huo utakapofika, wahakiki itawabidi nao wawe wameshika kijiti.